Kisu changu cha kwanza kinakata ugali tu. Wazoefu wa kufua visu, nisaidieni

Dogo wa Kihonda

Shikamooni wakubwa zangu. Wa rika langu, mambo vipi.

Nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu hapa Morogoro. Mjomba wangu ni fundi wa mageti na madirisha, likizo zote nashinda karakana kwake nikimshikia vyuma na kufuta kutu. Likizo hii nikamuomba kipande cha flati ba, nikachora umbo la kisu kwa chaki, nikakata kwa grenda, halafu nikachonga kwa tupa wiki nzima. Kimependeza kweli. Mpini wa mninga, ribiti nimetumia misumari. Mjomba alikipiga picha akawatumia mafundi wenzake.

Shida imeanza jikoni. Nyanya ya kwanza kilikata. Ya pili kikaibonyeza. Ya tatu mama akaniangalia tu bila kusema kitu, akarudi kwenye kile chake cha dukani chenye mpini wa plastiki. Nakinoa jioni, asubuhi butu. Rafiki yangu akasema nikichome mpaka kiwe chekundu nikitumbukize kwenye maji. Nimefanya hivyo mara tatu. Ubutu uko palepale, na sasa kimepinda.

Nakosea wapi? Na mtu kama mimi aanzie wapi hasa, bila mashine za gharama? Nina grenda ya mjomba (kwa ruhusa yake), tupa mbili, jiliwa la kubania vyuma, na wiki tatu kabla shule hazijafunguliwa.

Mpwapwa Kwetu

Dogo umetengeneza mwiko wa chuma. Usiutupe, ugali nao una haki zake.

Mfua Chuma

Marahaba kijana. Waache wacheke, mimi cha kwanza nilitengeneza kikawa hakikati hata ugali.

Kosa lako halipo kwenye mkono wako, lipo kwenye chuma. Flati ba ya mageti ni chuma laini. Kinachofanya chuma kishike matiko, yaani ugumu wa kuchomwa na kupozwa ghafla, ni kaboni iliyomo ndani yake, na flati ba, nondo, mabomba, vyote hivyo vina kaboni kidogo mno, kama asilimia 0.2 hivi au chini yake. Utakichoma mpaka gunia la mkaa liishe na bado hakitakuwa kigumu. Springi ya gari ina karibu asilimia 0.6. Tupa nzuri ya zamani inapita 1. Hapo ndipo visu vinapotoka.

Huna haja ya maabara. Gusisha flati ba kwenye diski ya grenda uangalie cheche: ndefu, zimenyooka kama nyuzi, chache. Sasa gusisha springi. Cheche zinapasuka mwishoni, vitawi vitawi. Tupa ya zamani ndiyo fataki kabisa, zinapasuka palepale jirani na diski. Fanya hivyo leo jioni kigiza kikiingia, utaelewa mwenyewe kuliko maneno yangu.

Mimi ni wa Upareni, upande wa Ugweno, ukoo wa Washana, ambao kazi yao toka zamani ni uhunzi. Kwetu mtoto hashiki nyundo mwanzoni. Anavukuta, yaani anapulizia moto hewa. Anakaa nyuma ya mivukuto miezi na miezi, anatazama moto, mpaka rangi ya chuma inamwingia machoni bila kuambiwa. Na kazi ilifanyika kivulini, kwa sababu juani chuma kilichoiva unakiona cheusi, unakiunguza bila kujua. Ushauri wangu, tafuta mhunzi wa kweli ukamvukutie. Ukipata safari ya Kilimanjaro, nenda Mamba karibu na Marangu, wahunzi wa Kichaga wapo hadi leo na wameanza kutengeneza mikuki na sime za Wamasai kabla ya mimi na wewe kuzaliwa.

Kamukunji Line

Mzee Mfua Chuma, heshima zako, lakini huyu kijana ako na wiki tatu na shule inamngoja. Akianza kuvukuta, atamaliza likizo na majivu kwa nywele.

Mimi niko Nairobi, nafanya kazi ya jua kali. Huku Kamukunji wengi wanagonga masanduku, majiko na karai, mimi nikaingia visu vya bucha. Na nakuambia hivi: kisu chako cha kwanza kisiguse moto hata kidogo. Tafuta panga kuukuu. Lile limevunjika, limetupwa nyuma ya nyumba, hakuna mtu analitaka. Hilo tayari lina kaboni ya kutosha, tayari lilipewa ugumu na kiwanda, na unene wake ni milimita mbili au tatu, saizi ya kisu cha jikoni. Kazi yako ni kukata umbo na kulichonga tu.

Sharti ni moja: lisipate joto. Ule ugumu kiwanda kiliweka, grenda inaweza kuutoa kwa dakika moja. Weka ndoo ya maji kando. Chonga kidogo, gusa kwa kidole karibu na makali, kikianza kuuma, ndani ya maji. Ukifika karibu na makali yenyewe weka grenda chini, malizia na tupa na msasa. Ni polepole, ndiyo. Lakini tupa haijawahi kuharibu kisu cha mtu kwa sekunde mbili.

Na usichonge kile kisu cha sinema chenye meno mgongoni. Chonga kisu cha mama. Kifupi, ubapa mwembamba, ncha ya kawaida. Mama atakuambia ukweli kila siku saa moja jioni.

Mama Wawili

Samahani naingilia. Nina kijana wa umri huohuo. Hivi nyie wanaume mnaona sawa kumfundisha mtoto kutengeneza silaha? Na hiyo grenda mnaitaja kama kijiko cha chai. Mtaani kwetu kuna kijana ilimrukia ikamfungua paja.

Mfua Chuma

Dada, kisu ni chombo kabla hakijawa silaha. Kitunguu cha leo umekikata na nini? Ila kuhusu grenda umesema kweli tupu, wala sibishani.

Mbeba Boksi

Mama Wawili ana hoja, na mimi nina kovu la kuithibitisha. Nipo Ohio, Marekani, nafua visu jioni nikitoka kazini, mwaka wa sita huu. Mwaka wa kwanza niliinua miwani kidogo tu kufuta jasho. Chembe ya chuma ikaingia jichoni. Niliona kama mchanga, nikalala nayo. Asubuhi chembe ilishaanza kutu ndani ya jicho, imeacha duara la kutu, ikabidi daktari aikwangue kwa kijidrili kidogo huku mimi nimefumbua macho natazama. Sitaki mtu mwingine aijue hiyo sauti.

Kwa hiyo dogo, kabla ya panga, kabla ya springi:

Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kinga yake isitolewe, hata fundi mkubwa akikuambia inakuzuia kuona. Kipande kiwe kimebanwa kwenye jiliwa, mikono yako yote miwili iwe kwenye grenda. Usivae shati la mikono mipana wala kamba ya kofia inayoning'inia. Miwani ile inayofunika pembeni, sio ya jua. Barakoa, kwa sababu vumbi la chuma na la diski linakaa mapafuni, na la mbao ndio usiseme. Mpingo unapendeza kwa mpini lakini vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Na mjomba awepo. Sio awepo nyumbani, awepo pale.

Halafu hili mafundi wa mageti wanalijua lakini wanalizoea: usichome chuma chochote chenye rangi ya mabati. Ile zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaokuletea homa ya usiku kucha.

Kisu kikishakamilika kikae nyumbani. Kikisafiri, kiwe ndani ya ala, chini ya begi, na uwe na sababu ya kukibeba. Shuleni hakiendi kabisa, hata kuonyesha wenzako.

Dogo wa Kihonda

Nimesoma yote, nimemsomea na mjomba. Amenunua miwani miwili, mmoja wake. Hakuwahi kuvaa miaka kumi na nne.

Cheche nimeziona! Flati ba kama mvua, springi inapasuka. Nimepitisha vyuma vyote vya karakana, mpaka mjomba akaniambia diski sio bure.

Panga nimepata kwa babu jirani, lenye alama ya mamba, limevunjika nusu. Siku nne za kuchonga. Leo ni siku ya tano mama anakitumia na sijakinoa. Hajasema kitu, ila kile cha plastiki kimehamia kwenye droo.

Sasa natamani moto. Springi ninayo, ya Fuso, mjomba alikuwa anaizuilia mlango. Na fuawe, lile chuma la kufulia juu yake, nimeambiwa kipande cha reli ndio kizuri, kuna mtu wa chuma chakavu anacho. Ninunue?

Kamukunji Line

Reli usiguse. Hata akikupa bure.

Mfua Chuma

Namuunga mkono jirani yetu. Reli ni mali ya shirika la reli, na kipande kikikutwa kwako utaanza kueleza kilikotoka wakati hujui. Fuawe tafuta ekseli nene ya lori, au kichwa cha nyundo kubwa ya kilo tano au sita ukipachike kwenye gogo, uso juu. Wazee wetu walifulia juu ya jiwe na kazi ikatoka.

Springi ya Fuso nayo iache iendelee na mlango. Unene wake unakaribia sentimita nzima, utamaliza diski zote na likizo yote. Tafuta jani la springi ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, lile jembamba. Likague kwanza, usichukue sehemu ya karibu na tundu la katikati, pale huwa pana nyufa usizoziona.

Moto usiuogope lakini usiuharakishe. Matofali ya kuchoma, bomba la chuma lenye matundu chini, draya bovu la saluni linalopuliza bado, mkaa. Nje, kwenye hewa, chini ya kivuli. Ndani ya chumba mkaa unaua mtu amekaa kimya.

Nyoosha jani, lichonge umbo, lakini makali usiyamalize. Acha unene wa kama milimita moja pale ncha ya makali itakapokuwa. Ukiyafanya membamba sasa, yatajikunja kama jani la mgomba. Ukifika hapo rudi hapa kabla hujakitia matiko. Narudia: kabla.

Dogo wa Kihonda

Shikamoo babu Mfua Chuma. Sikurudi kabla.

Kilikuwa kizuri mno. Kengea, yaani ubapa wake, imenyooka, msuka wa kuingia kwenye mpini umekaa sawasawa, nikashindwa kusubiri. Nikakichoma mpaka kikawa cha machungwa kuelekea njano, nikakitia kwenye ndoo ya maji. Kikalia "ting". Sauti ndogo tu, kama kijiko kwenye glasi. Nikafurahi nikajua ndio kimekubali. Kukitoa, ufa kutoka kwenye makali mpaka karibu na mgongo. Nikakibonyeza kidogo kwa mkono, kikakatika vipande viwili.

Siku sita za kazi.

Mpwapwa Kwetu

Pole mdogo wangu. Leo sitanii.

Mfua Chuma

Marahaba. Pole. Hiyo "ting" kila mhunzi anaijua, na aliyekuambia hajawahi kuisikia hajafua vya kutosha.

Usivitupe vipande. Tazama ndani pale kilipokatika, useme umeona nini.

Dogo wa Kihonda

Chembe chembe zinang'aa. Kama sukari.

Mfua Chuma

Hapo ndipo kisu chako kilipofia, maji yalikuja kumalizia tu. Chuma kina chembe ndani. Ukikipa joto kupita kiasi, chembe zinakua, na zikishakuwa kubwa kinakatika kama sukari guru. Kikichomwa vizuri, ukikivunja ndani ni kijivu laini, kama saruji mpya au unga wa ulezi. Macho yako bado hayajajua rangi, kwa hiyo tumia sumaku. Chukua ya spika mbovu, ifunge kwenye waya. Chuma kikifika kama nyuzi 770 za Selsiasi, sumaku inaacha kukishika. Ukiona imeacha, ongeza kidogo sana, wekundu uchangamke kidogo, hapohapo basi. Machungwa na njano ni rangi za kufulia, sio za kutia matiko.

Na kabla ya matiko, kipumzishe. Kichome mpaka sumaku iache, kitoe, kiache kipoe hewani mpaka ukishike kwa mkono. Mara tatu. Hiyo inarudisha chembe ndogo na kuondoa kiburi ulichokijaza kwa nyundo. Vijana wanairuka hatua hii kwa sababu haina cheche wala kelele.

Halafu maji hapana. Springi ya gari ni chuma cha mafuta, maji yanaipoza kwa pupa. Mafuta ya kupikia, lita mbili tatu, ndani ya kopo refu la bati, yapashwe mpaka yawe vuguvugu la kuvumilika, nyuzi 50 au 60. Oili chafu ya gari usitumie, moshi wake ni sumu. Mfuniko wa bati uwe karibu. Mafuta yakishika moto unafunika, humwagi maji. Zamisha ncha kwanza, kisogeze mbele na nyuma kama unakata, usikitikise ubavuni, kitapinda. Kikipoa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama kwenye kioo, kimeshika.

Lakini wakati huo kisu ni kioo kweli. Kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika. Lazima ukipunguze ugumu siku hiyohiyo: joto la nyuzi 200, saa moja mpaka mbili, kipoe, rudia. Kama huna oveni, kisugue king'ae, kilaze juu ya mchanga kwenye karai juu ya jiko, mgongo ukiwa chini, ukitazame. Rangi itatembea: kwanza majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu bluu. Kwenye makali usipite majani makavu. Bluu iishie mgongoni. Na ukija kukinoa baadaye kwa mashine, ukiiona hiyo bluu kwenye makali ujue umekitoa ugumu, rudi mwanzo.

Jambo la mwisho, na hili utalichukia. Kata kipande kidogo cha springi ileile, kipitishe hatua zote hizi, halafu kivunje kwa makusudi. Uone ndani. Ndipo ushike kisu chenyewe.

Mbeba Boksi

Alichosema mzee ndicho wanachopimwa watu huku. Kuna chama cha wafua visu cha Marekani kilichoanzishwa 1976, American Bladesmith Society. Anayetaka daraja la kwanza la ufundi anapeleka kisu chake mbele ya fundi mkuu: kikate kwa pigo moja kamba ya unene wa inchi moja inayoning'inia bila kushikwa chini, kikatekate ubao mara mbili, halafu makali yaleyale yanyoe nywele za mkono. Baada ya hapo kisu kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90. Kikikatika, umefeli. Yaani unakipeleka ukijua hakirudi nyumbani. Kuvunja ni sehemu ya kazi, dogo.

Mgema wa Pangani

Nimekaa kimya nikisoma, mie si mhunzi, ni mtumiaji. Miaka thelathini nimepanda minazi na kotama kiunoni.

Kotama ile ukiitazama ni kijisu kilichopinda tu. Lakini kazi yake ni kukata kole la mnazi, kile kikonyo cha maua, ubale mwembamba kama karatasi, asubuhi na jioni, kila siku. Ukikata nene, kole linaisha mapema na tembo, pombe yetu ya mnazi, linaisha nalo. Ukikata na kotama butu, unalisaga, halitoi kitu. Nimenunua kotama nzuri kwa sura zikanitia hasara, na ninayo moja mbaya kama dhambi, imetengenezwa na mzee mmoja ambaye hayupo tena, sijaona mfano wake. Kila siku naipitisha kwenye kinoo mara tano sita, basi.

Huku pwani chuma cha springi kinashika kutu ukikigeuzia kisogo. Mwambie mama akishakata ndimu akioshe, akikaushe, akipake mafuta ya nazi tone moja. Asikiache kwenye maji ya vyombo.

Dogo wa Kihonda

Shikamooni wote. Safari hii nimefuata.

Kipande cha kwanza cha majaribio: bado sukari, ila ndogo. Nilikuwa nafanyia kazi saa saba mchana, juani. Kipande cha pili nimefanya jioni chini ya mwembe na sumaku ya spika. Ndani kijivu, hakina kung'aa. Mjomba alikitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama hata nati za mageti zinaweza kupimwa hivyo.

Kisu chenyewe nimekitia matiko jana kwenye mafuta ya alizeti. Moto uliruka juu kidogo nikafunika. Tupa imeteleza. Nimekipeleka kwa dada jirani anayeoka keki, nyuzi 200, saa moja na nusu mara mbili. Amenitoza mia tano kila mara na amesema mara nyingine nikioshe kwanza kwa sabuni, keki yake moja imenukia chipsi.

Mpini nimeweka mpingo, vipande viwili, gundi ya Araldite, ribiti za waya wa kopa wa umeme. Barakoa nilivaa. Kimepinda kidogo karibu na ncha, ukikitazama kwa mgongo unaona. Sijakinyoosha, naogopa.

Shule inafunguliwa Jumatatu. Babu Mgema, likizo ijayo naweza kukujaribishia kotama?

Kamukunji Line

Usikinyooshe. Hicho sasa ni kigumu, kitakatika. Kiwache hivyo, kitakukumbusha.

Mgema wa Pangani

Kotama si ya kuanzia, mwanangu, ule mpindo utakutoa machozi. Lakini ukiikaza nia, kabla hujaniletea kotama niletee kipande ulichokivunja. Nataka kukiona ndani.